Kwa Lusia, Aliyeambiwa Azifunge Nchi

Mwanangu Lusia,

Niko kwa Mwalimu Agnesi. Nilikuaga nakuja kuomba chumvi, lakini chumvi tunayo, wewe mwenyewe umeinunua jana. Nimekuja nimwombe aniandikie, maana mkono wangu unajua jembe na korosho, kalamu haujui. Tangu juzi nataka kusema na wewe. Kila nikifungua mdomo unaniwahi, "Mama, umekula?" Nakujibu nimekula. Basi, mazungumzo yameishia hapo. Kesho alfajiri unapanda gari la Masasi, ukitoka Masasi unashuka mpaka darajani, unavuka Ruvuma, unakwenda Nampula kumtafuta ndugu yako Edwini. Nikiliacha neno hili mpaka kesho pale stendi, makondakta wanagombea mabegi, nitakwambia nini? Nitakwambia safari njema kama mtu baki.

Mwalimu anasema, "Mama Edwini, barua huanza na salamu." Haya. Shikamoo yako ya leo asubuhi nimeipokea, nikaitikia marahaba. Lakini shikamoo zako za siku hizi, mwanangu, unaziweka mlangoni kama mtu anayerudisha ndoo ya kuazima, anaiweka chini anaondoka, hata mwenyewe hajamwona.

Mambo ya kuficha hela kwenye upindo wa kitenge, ya kutolala nyumba usiyoijua, siyasemi. Wewe mtu mzima. Kireno hukijui lakini Kimakua changu cha Lisekese unacho, na Wamakua wa kule watakuelewa, watakucheka kidogo kwa jinsi unavyovuta maneno, waache wacheke. Mimi nataka kusema lile lingine.

Siku Hamisi alipokuja. Mwalimu, humjui Hamisi, ni yule mchuuzi wa vitenge wa Tandahimba, aliingia jando pamoja na Edwini wangu, kwa hiyo kwangu ni mtoto. Alikaa barazani, nikampa maji, akayashika hakuyanywa. Nikajua. Mtu aliyetoka safari na kiu yake, asinywe maji ya Newala tunayoyahesabu kikombe kwa kikombe, ana jambo. Akasema, "Mama, Edwini nilimkuta Nampula, anaumwa. Kifua. Nikamwambia, kwa nini huwaambii nyumbani? Akasema ameandika kule kazini kwa Lusia mara tatu, kimya. Akasema, basi, hawanitaki, siwasumbui tena." Hamisi akazunguka na biashara zake, aliporudi kumwangalia, kile chumba kina mtu mwingine. Majirani wanasema alitoka na begi lake anatembea polepole. Wapi, hawajui.

Baraza ilikuwa imejaa. Mama Sikudhani alikuwepo, wake wa jirani walikuwepo, watoto dirishani. Na mimi nikasimama nikakunyooshea kidole. Nikasema, "Wewe ndiye uliyemfungia ndugu yako."

Uliinua beseni la ming'oko, vile viazi vya porini, ukaenda nalo uani ukaanza kumenya. Nilikuona kwa mgongo tu. Ukamenya mpaka zikabaki nyuzi.

Mwanangu, nalirudisha lile neno. Najua neno halirudi, limeshaingia kwa Mama Sikudhani na limeshafika sokoni na kwenye foleni ya maji. Lakini wewe lirudishe kwangu. Ni langu. Ngoja nieleze kwa nini, nisije nikaonekana nakupoza tu kwa sababu unasafiri.

Unakumbuka walivyoingia wale wezi kiwandani. Mwalimu, hiki kiwanda ni kile kidogo cha kubangua korosho, anakofanyia kazi Lusia, anatunza kompyuta zao. Wezi hawakuja na panga. Waliingia kwenye kompyuta kwa mbali, wakakaa ndani ya imeli ya kiwanda, wakawa wanawaandikia wanunuzi kama vile wao ndio kiwanda. Mzigo ukakwama, mashine zikazimwa, wanawake wote wa kubangua wakarudishwa nyumbani. Mama Sikudhani alikuja kwangu kuomba unga. Mimi mwenyewe nimebangua korosho miaka yangu yote ya nguvu, najua mwanamke akiambiwa leo hakuna kazi anavyotembea njiani, haharakishi, maana nyumbani wataona uso wake. Kwa hiyo simlaumu sana yule meneja wenu alipopandwa na hofu. Alikuita akakwambia, "Funga nchi zote. Acha Tanzania, acha India, acha Vietinamu, huko ndiko waliko wanunuzi. Wengine wote duniani wanatafuta nini kwetu?"

Ulikuja nyumbani jioni ile huna raha. Mimi nilikuwa napepeta mtama. Ukasema, "Mama, naogopa kufunga hivi. Ile faiawoli, ukuta wa kompyuta zetu, nikiiambia ifunge nchi, inafunga kila kitu, mwizi na barua. Wezi wenyewe waliingia kwa neno la siri la meneja, ni jina la mtoto wake. Hawakuingia kwa barua." Ukaniuliza, nifanyeje?

Mimi nilikujibu nini? Nilikujibu, "Wewe umeajiriwa au umeolewa na kiwanda? Fanya unaloambiwa."

Ndiyo maneno yangu. Hata ungo sikuuweka chini. Ulikuwa umekuja kuniuliza kitu kikubwa, mtu mwenye elimu yake, umemuuliza mama yako asiyejua a wala be, na mama yako akakujibu huku anapuliza makapi. Ukaenda ukafunga. Kwa hiyo siku ile barazani kidole kilikuwa kinielekee mimi.

Mwalimu ananiangalia. Andika tu, Mwalimu.

Halafu mimi sikuelewa, nilijua umefunga wezi wa mbali. Nikawa naringa kwa Mama Sikudhani, binti yangu ameifunga dunia. Kumbe ulikuwa umefunga hata sisi. Ukaja kunieleza baada ya yule Mhindi mnunuzi kupiga simu akifoka, "Nyie watu mbona hamjibu?" na wewe India hukuifunga! Ukaja umechanganyikiwa. Ukanieleza pale jikoni, na nikafahamu, ingawa ulidhani nasinzia. Ulisema imeli haiji kutoka pale mtu alipokaa. Inaondoka kwa mtu inakwenda kwanza kwenye mashine ya kampuni inayomtunzia barua, na ile mashine iko Amerika, iko Ulaya, iko popote. Ile ndiyo inayokuja kugonga kwenu. Mhindi yuko India, lakini barua yake inagonga ikitokea Amerika, na Amerika umefunga. Ukasema, "Mama, hata Mwalimu Agnesi akiniandikia kwa simu yake kutoka nyumba ya tatu, barua inakwenda kwanza Ulaya ndiyo irudi Newala, na ikirudi inaukuta ukuta."

Nilicheka siku ile. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikasema hiyo barua nayo inapenda kutembea. Na wakati nacheka, Edwini alikuwa ameshaandika.

Ukamfungulia Mhindi peke yake. Wengine meneja akasema waache. Ukanyamaza, na mimi nikanyamaza, maana mshahara ulikuwa unaingia na bati la jikoni lilikuwa limebadilishwa.

Sasa watu wananiuliza, kwani Edwini hana simu? Aliibiwa simu huko, Hamisi ametuambia, na namba zote zilikuwa humo. Na namba yangu hata angeikumbuka isingemfaa. Unajua ilivyofungwa. Niliposikia laini zinasajiliwa kwa vidole nilikwenda na kitenge changu kizuri, yule kijana akanishika kidole akakibonyeza kwenye kimashine, kikakataa. Akakifuta kwa kitambaa, kikakataa. Akajaribu vyote kumi. "Bibi, huna alama." Nikamwambia, "Baba, alama zimebaki kwenye korosho za watu." Yale mafuta ya ganda yameshakula kila kitu, vidole vyangu vimekuwa kama kijiko. Laini ikakatwa, ukanipa hii nyingine kwa jina lako. Edwini hakuijua.

Alichokijua kwa kichwa ni ile anwani ya imeli ya kiwanda iliyo kwenye bango pale barabarani. Aliliandika yeye lile bango. Alikaa pale juani na brashi yake, herufi moja moja, mpaka ule mkia wa mwisho, na wewe unamsimamia unamwambia, "Kaka, nukta hiyo usiisahau, ukiisahau barua hazifiki." Nilikuwa nimewaletea uji. Mlikuwa mnagombana kwa nukta, mnasukumana. Kwa hiyo mtoto anaumwa, hana simu, yuko nchi ya watu, akatafuta mahali pa kukodi kompyuta, akaandika kwenye ile anwani ambayo mkono wake wenyewe unaijua. Na Msumbiji tunaiona hapa! Nikisimama ukingoni kule bondeni kunakoteremka, naiona nchi yote ng'ambo ya mto, kijani, na moshi wa watu wanaochoma mashamba. Naona moshi wa jikoni kwa watu lakini mwanangu hawezi kuniambia kifua kinauma.

Nipe maji, Mwalimu. Hapana, kidogo tu, yanatosha.

Lusia, nataka nikukumbushe alivyozaliwa huyo Edwini. Hadithi unaijua nusu. Mimi nilipoolewa kuja Newala kutoka Lisekese sikuwa nimezoea shida ya maji. Baba yenu, Mungu amlaze, alikuwa amechimba shimo la mvua uani, amelisakafia vizuri, amelifunika bati. Watu walikuwa wanakuja kuomba. Mwaka ule akaja mtu akachota kwa kuiba, tukafuata nyayo, zinaelekea bondeni. Mtu mmoja. Baba yenu akapiga fensi ya miba, akaweka mpwa wake getini, akamwambia, "Mtu yeyote wa bondeni asipite hapa. Yeyote." Na mimi nikasema sawa sawa, wezi wakubwa wale. Bonde zima tukalifanya wezi kwa ndoo moja.

Basi uchungu ukanishika mchana, baba yenu yuko shambani. Mwenzangu mmoja akakimbia kumwita mkunga. Mkunga ni Bi Somoe, na Bi Somoe kwao ni wapi? Bondeni. Akapanda ule mlima kwa miguu, mwanamke mnene yule, akafika getini anahema. Mpwa anamwambia, "Wa bondeni hawapiti." Bi Somoe anasema, "Mimi sijaja kuteka maji, nimekuja kupokea mtoto!" Mpwa anasema, "Mjomba amesema yeyote." Mimi ndani nasikia, sina sauti ya kusema mfungulie. Bi Somoe akaanza kutukana. Alitukana, Mwalimu, siwezi kukutajia, alimtukana yule kijana na jando lake na mjomba wake na shimo lake la maji, mpaka majirani wakatoka na majembe wakidhani kuna vita. Wakaivunja ile fensi. Akaingia na miba kwenye kanga, akanishika tumbo akasema, "Na wewe, nikitoka hapa nakunywa maji yenu mpaka nitosheke." Edwini akazaliwa. Akanywa kweli. Vikombe sijui vingapi.

Sasa nisikilize nilivyo mjinga. Mimi niliyeokolewa na mwanamke asiye na adabu, nimekwenda kuwalea nyie kwa adabu. Niliwafundisha hodi. Nikawaambia, hodi mara tatu, usipoitikiwa ondoka, usigande mlangoni kwa watu kama deni. Edwini alikuwa hajui, alikuwa anaweza kupiga hodi mpaka jua linazama. Nilimchapa kwa hilo. Siku moja alikwenda kwa mjomba wake kuchukua jembe, akapiga hodi mara tano, mjomba akaja kunisema mwanao hana malezi. Nikamchapa kwa fimbo ya mkorosho mpaka akashika. Akawa mtoto wa hodi tatu, watu wote wakamsifu.

Hamisi aliposema "mara tatu" wewe ulidhani nalia kwa sababu anaumwa. Nililia hiyo tatu. Nilimsikia kabisa, Lusia. Nilimsikia amekaa mbele ya ile kompyuta ya kukodi, hodi, anangoja, hodi, anangoja, hodi. Halafu anaondoka kwa adabu. Na aliondoka hapa tumegombana, nilimwambia ukienda Msumbiji uende moja kwa moja, mdomo huu. Kwa hiyo alipopata kimya alijua maana yake. Maana nilikuwa nimempa mimi mwenyewe.

Uliniambia jambo moja usiku ule baada ya watu kuondoka, ndilo jambo la mwisho refu uliloniambia ukiwa umekaa. Ulisema ile mashine ya kampuni yenyewe haikati tamaa kama mtu. Ikikuta ukuta umenyamaza inarudi tena, inarudi tena, siku kadhaa inazunguka na ile barua mkononi, ndipo inamwambia mwenyewe nimeshindwa. Na ulisema kosa lako ndilo hilo, kwamba uliuweka ukuta uwe kimya. Ungeweza kuuweka useme, "Hapa hapapokelewi," na mtu angejibiwa papo hapo, angejua barua haikufika, angetafuta njia nyingine. Lakini ulifundishwa kwamba kimya ni salama, mwizi akigonga asijue hata kama kuna nyumba. Ulisema huku unakunja kanga, unaikunja, unaikunjua. "Edwini alipopata ile taarifa ya kushindwa, Mama, kama aliipata, imeandikwa Kiingereza kirefu, angejuaje? Au alikuwa hana tena pa kuisomea."

Nikalala na hilo. Tangu hapo najua, kumbe wanaokataa kwa sauti wana huruma.

Najua umeshatengeneza. Uliifanya kazi hiyo kesho yake bila kumwuliza meneja, na mimi safari hii sikukwambia uogope. Ulinieleza ukiwa umesimama, huku unavaa viatu. Ule mlango ambao watu wa ofisi wanaingilia kuendesha zile kompyuta kwa mbali umeuacha umefungwa, Tanzania peke yake, na neno la siri la meneja umelibadilisha, akalalamika hawezi kulikumbuka. Mlango wa barua umeufungua kwa dunia nzima, lakini umeweka mlinzi ndani. Kila barua inasomwa anwani yake, inapekuliwa mzigo wake, yenye mashaka inawekwa pembeni uiangalie mwenyewe asubuhi, haitupwi. Na inayokataliwa inaambiwa imekataliwa. Nikakuuliza, "Na wezi?" Ukasema, "Wezi watajaribu, Mama. Kila asubuhi ni kuangalia. Hakuna kufunga ukaenda kulala."

Lakini wewe kesho hupo. Nani ataangalia?

Hilo ndilo lililonipeleka kiwandani leo mchana. Ulidhani niko kanisani. Nilikwenda kwa meneja wenu. Alisimama, kijana ana heshima, sisemi uongo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Lusia anaondoka kesho."

"Ndiyo, nimempa ruhusa. Pole sana bibi kwa kijana."

"Nimekuja kwa ule mlango wa barua. Usiufunge."

Akacheka kidogo, ile cheko ya mtu anayetafuta pa kukanyaga. Akasema, "Bibi na wewe unajua mambo ya seva?"

Nikamwambia, "Sijui. Najua mwanangu aligonga hapa akiwa anaumwa, na nyumba yako ikanyamaza."

Akakaa. Akasema, "Bibi, nina wanawake mia na kitu wanaokula kwa kiwanda hiki. Wezi wakiingia tena sina cha kuwaambia. Lusia akiondoka kuna kijana wa Mtwara ataangalia kwa mbali, yeye anapenda mambo yafungwe."

"Basi mwambie asiufunge wa barua. Lusia ameuwekea mlinzi."

"Nitamwambia."

"Utamwambia lini?"

"Nitamwambia, bibi."

"Mpigie sasa hivi, mimi nipo hapa."

"Yuko safarini sasa hivi."

Nimeishi, Lusia. Hiyo "nitamwambia" ya namna hiyo naijua, ni kimya kilichovaa suti. Nikamwambia, "Baba, mimi nitakaa pale nje chini ya bango la mwanangu mpaka huyo kijana ashuke kwenye gari." Akanibembeleza, akaniletea soda. Sikuinywa. Nilikaa. Wanawake wa kubangua walipotoka wakaniona, Mama Sikudhani akawa wa kwanza kuja, yule yule. Akaniuliza unafanya nini hapa na jua hili. Nikamweleza. Akasimama akajishika kiuno, akasema kwa sauti ili isikike ofisini, "Sisi ndio tuliorudishwa nyumbani wale wezi walipoingia. Tukiulizwa sisi, huo mlango wa barua uachwe, mlinzi aongezwe. Nina mtoto Afrika Kusini mimi!" Mwingine akasema ana mume Zambia. Ikawa kelele. Meneja akatoka na simu sikioni, akapiga mbele yetu. Nilimsikia anasema, "Usiguse. Nimesema usiguse mpaka nikwambie." Hiyo "mpaka nikwambie" sikuipenda. Lakini ndiyo niliyopata. Na bibi wa mapokezi, yule anayefungua zile barua, ameniapia kwamba jina la Edwini akiliona atakuja nyumbani mbio na hata viatu hatavaa.

Sikukuambia kwa sababu ungeona aibu, mama yako amekaa chini barabarani kama mwehu.

Sasa ninachoogopa nikiseme. Naogopa sana, Lusia. Naogopa utafika Nampula, utazunguka hospitali na misikiti na makanisa na kwa mafundi wa mabango, na hutampata, na kwa sababu ya kile kidole changu utaona bora usirudi. Au utampata mahali ambapo hata kuandika hakuna maana. Na utasema, nitamwambiaje mama, mzee yule, moyo wake utapasuka, ngoja kwanza. Ngoja kesho. Ngoja wiki. Nakujua. Wewe ni mtoto wa kuficha kidonda chini ya kitambaa. Ulipovunjika mkono ulikula chakula chote kwa mkono wa kushoto nisijue, nikakuchapa kwa kukosa adabu mezani.

Ukifika kwa watu, piga hodi. Wasipoitika, piga. Watoke wakutukane, ujue angalau wapo. Hiyo adabu niliyowafundisha iache upande huu wa mto.

Ukimwona ndugu yako, usimwelezee ukuta wala seva kwanza, mgonjwa hawezi kusikia hayo. Mwambie hatukusikia. Neno hilo tu, hatukusikia, na umwangalie usoni wakati unalisema.

Na mimi unijibu. Nikikosa kwako, niambie nimekosa, nitukane hata kwa imeli, bibi wa mapokezi atanisomea mbele ya watu na nitavumilia. Ukinichukia, andika unanichukia. Kama hujampata, andika "bado." Kama umempata hawezi kuja, andika hawezi. Kama hayupo tena, Lusia, mama yangu, kama hayupo tena duniani, andika hayupo. Usinihurumie kwa kunyamaza. Nitalia, nitajigaragaza pale barazani, watu watanishika, kesho yake nitaamka nitapika uji. Habari mbaya naweza kukaa nayo nyumba moja, nimeshakaa nazo nyingi. Lakini siwezi kusimama kule ukingoni kila siku naangalia moshi wa watu, sijui upi ni wa wanangu, sijui kama kuna moshi wenu.

Mwalimu anasema karatasi bado ipo, kama nina la kuongeza. Sina. Nakuja nyumbani sasa. Nitakupa barua hii mkononi, uisome nikiwa nimekaa hapo hapo mbele yako, na ukimaliza usiniulize kama nimekula.

Mimi mama yako Magreti. Mkono ni wa Mwalimu Agnesi, maneno ni yangu.